Mbuzi wa Mwalimu Tatu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeficha madaftari matatu kwa miaka thelathini na moja. Si yangu. Ni ya Mwalimu Tatu, aliyekuwa akifundisha Msimbu wakati mimi ni mkaguzi wa shule za Kisarawe. Ndani yake mna kitabu kizima cha kuchekesha, cha watoto wanaoanza kujisomea wenyewe. Sura kumi na nne, fupi fupi, kwa mwandiko wake wa mkono. Yeye anajua kwamba kitabu kilikataliwa na kamati na madaftari yakabaki ofisini. Hayakubaki ofisini. Yamo kwenye sanduku langu la bati, chini ya suti niliyostaafia.

Naandika kwa sababu Ijumaa daktari alimwita binti yangu Laurensia nje ya chumba, na mlango hawakuufunga vizuri. Moyo umechoka, alisema. Dawa zinamsaidia kupumua tu. Mkae naye karibu. Mtu wa miaka themanini na miwili hawezi kudai ameonewa. Lakini tulipofika nyumbani sikuwaza watoto wala kiwanja. Niliwaza sanduku.

Leo Laurensia ameondoka alfajiri kwenda kituo cha Kwa Mathias kuwahi gari la Dar, kama kila siku ya kazi. Tumebaki mimi na bintiye Elinipa, miaka tisa, darasa la tatu. Shule zimefungwa. Nikamwomba anivutie sanduku. Akavuta, akauliza babu humu umeweka mawe? Nikamwambia nimeweka ujana. Akasema basi ujana wako mzito, akaenda kucheza.

Nia yangu ilikuwa kuyachana. Niandike wazi. Nife, wasiyakute. Nikashika la kwanza — vidole havina nguvu hata ya kuchana jalada la daftari. Nikapumzika ili nijaribu tena. Nikasinzia nimeketi, ndivyo ninavyolala siku hizi, miguu imejaa maji.

Nilipozinduka madaftari hayapo kitandani.


Jumanne, 10 Juni

Anayo Elinipa. "Niliona picha ya mbuzi amevaa sare," ndivyo alivyojitetea. Alidhani nayatupa.

Sikumnyang'anya. Nilimwangalia kupitia dirishani. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye simtanki. Huyu ni mtoto ambaye mwalimu wake alimwandikia mama yake kwamba hapendi kusoma. Mwanzoni midomo ilikuwa inacheza, kidole kinafuata mstari. Ukurasa wa nne kidole kikaacha kufuata. Ukurasa wa sita midomo ikatulia. Kisha akacheka — peke yake, bila mtu kumwambia cheka hapa.

Nimekagua shule miaka ishirini na saba. Nimesikiliza maelfu ya watoto wakisoma kwa sauti, darasa zima kwa pamoja, mwalimu akigonga fimbo mezani. Sikuwahi kukaa nikamtazama mtoto akisoma kimya na kucheka. Na ningemwona, ningeandika: nidhamu hafifu.

Akaja mbio. "Babu, huyu mbuzi kaandikishwa shule!"

Najua. Shule ya kitabuni inangoja mkaguzi. Orodha inasema wanafunzi arobaini na watano. Darasani wako arobaini na wanne, mmoja kaenda kwa bibi yake, na mwalimu mkuu anatetemeka. Watoto wanamvalisha mbuzi sare, wanamketisha nyuma kabisa, wanampa jina Ndevu. Mkaguzi ana macho mabovu lakini hataki miwani, miwani ni ya wazee. Anauliza, "Ndevu, tano mara tatu?" Mbuzi anajibu meee. Mkaguzi anaandika kwenye ripoti: Ana sauti nzuri. Ajitahidi kumalizia sentensi.

Elinipa alinisomea hapo mara tatu. Mara ya tatu hakuweza kufika mwisho kwa kicheko.

Niseme kwa nini nilikikataa. Mwaka ule, 1994, sikukiona hivi. Nilikuwa na macho ya kazi. Kila hadithi ilipaswa kuwa na funzo na maswali matano mwishoni, na hiki hakikuwa na funzo wala swali. Kilinipita tu. Nikajaza fomu, nikaendelea na kazi nyingine.


Alhamisi, 12 Juni

Nimekisoma chote tena, siku mbili, kwa miwani na kioo cha kukuzia, mtoto akinipa daftari moja moja kwa masharti kwamba nirudishe.

Mwanamke huyu alijua kazi. Nani alimfundisha? Hakuna chuo cha jambo hili. Lakini tazama: katika kila sura mtoto anayesoma anajua kitu ambacho mkaguzi hajui. Mtoto wa miaka minane, ambaye nyumbani na shuleni kutwa anaambiwa hajui — humu ndani yeye ndiye mwerevu kuliko mtu mwenye gari la serikali. Kicheko kinatoka hapo. Halafu sentensi fupi. Neno gumu anatoa moja tu kwa ukurasa, na analiweka pale pale ambapo mbuzi yuko karibu kufanya jambo, ili msomaji asikwame. Atalivuka lile neno kwa nguvu, maana anamtaka mbuzi. Na mwisho wa sura! Sura ya tatu inaisha mbuzi akiwa amekula soksi moja ya mkaguzi. Moja tu. Nani atafunika kitabu hapo?

Vitabu anavyoletewa Elinipa siku hizi vina rangi na karatasi inang'aa. Kila sura sungura anajifunza kunawa mikono. Amevipanga kimoja juu ya kingine, anavipanda kufikia swichi ya taa.

Sasa sehemu ngumu. Mkaguzi wa kitabuni anaitwa Kidole. Akiingia darasani anapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, anakitazama, kisha anakionyesha darasa zima. Hasemi neno. Karatasi anaishika mbali na uso kana kwamba itamng'ata.

Kidole ni mimi. Kisarawe nzima ingemjua.

Na Tatu hakunificha. Aliniletea mwenyewe mkononi, hakupitishia ofisini kama taratibu zilivyotaka. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzaramo — watani tangu enzi za babu zetu. Nilikuwa napanda gari. Akasema, "Mtani, nimekuandika. Kasirika nione." Mtani hakasiriki. Mtani anaweza kulala juu ya kaburi lako siku ya maziko akazuia kazi isiendelee, na ndugu zako watacheka huku wanalia. Ndiyo sheria yetu na wote tulilelewa nayo. Alinichagua mimi niwe wa kwanza kusoma, kwa sababu mimi ndiye niliyeruhusiwa kutaniwa.

Mimi nikakasirika. Kamati haikukiona kitabu kile. Hakikutoka kwenye mkoba wangu. Nilijaza fomu peke yangu, nikatia saini, nikamwandikia barua kwamba kamati imekataa na miswada hairudishwi.

Hii ni mara ya kwanza naiandika. Mkono umechoka kuliko urefu wa maneno.


Jumamosi, 14 Juni

Laurensia hakwenda kazini leo. Alikuwa anapika chapati, Elinipa kwenye kigoda anamsomea. Nilisikiliza kutoka kitandani. Sura ya saba: Kidole anaona mwanafunzi Ndevu ana ndevu kweli na bado yuko darasa la pili, anaamuru mzazi aletwe. Watoto wanakwenda kutafuta beberu mkubwa zaidi, wanamvika koti la mwalimu mkuu. Kidole anampa mkono. Anaushika ule ukwato, anaubana, anageuka kwa walimu. "Mnaona? Hii ndiyo mikono ya mchapakazi."

Nikasikia chapati inaungua. Laurensia akaja chumbani na mwiko, anajifuta macho kwa kiwiko.

"Baba, nani kaandika hii?"

"Mwalimu mmoja wa Msimbu. Zamani."

"Mbona hakikuchapwa?"

"Mambo ya ofisi."

Akasimama pale. "Huyu Kidole na vumbi lake la dirishani. Si ulikuwa unatufanyia hivyo hivyo kila Jumamosi, mimi na kaka?"

"Wakaguzi wote walikuwa hivyo."

"Sawa, baba."

Akarudi jikoni. Nimemlea mwenyewe, najua sawa yake ina uzito gani. Tumekula chapati nyeusi. Elinipa anamjibu meee kila anayeomba mchuzi.


Jumatatu, 16 Juni

Nimefanya jambo. Laurensia hununua machungwa kwa kijana mmoja pale Kwa Mathias, anaitwa Zaidi, na huwa anajisifu kwamba machungwa yake ni ya Msimbu, si ya kuvundikwa. Asubuhi nimepanda bajaji na Elinipa mpaka kwenye meza yake. Mita mia nne, na kifua kimelia kama nimepanda mlima. Mabasi yanapiga honi, wapiga debe wanavutana na mama mmoja, mmoja kashika begi lake, mwingine kamshika mtoto wake.

Nikamuuliza Zaidi kama anamjua Mwalimu Tatu. Akaacha kumenya.

"Huyo shangazi yangu kabisa, mzee. Kamlea baba yangu. Yuko Kibuta siku hizi, ana shamba la mihogo."

"Hajambo?"

"Mzima. Ila mkimya. Wazee wa Msimbu wanatuambia zamani alikuwa hatari. Msiba wowote wenye watani, wanamsubiri yeye. Anavunja watu mbavu mpaka mfiwa anasahau kulia. Sasa hivi watani wenzake wanachangamsha, yeye kakaa pembeni kakunja mikono. Ukimwambia, shangazi sema neno, anakwambia mimi sichekeshi."

"Kwa nini?"

"Anasema aliwahi kuandika kitu, mkaguzi mmoja msomi akamwambia hakichekeshi. Akamwamini. Mimi ningekuwepo huyo mzee angenitambua." Akanikatia chungwa. "Onja hili mzee wangu, hutoi kitu."

Nililila. Lilikuwa tamu na nililila lote, mbele yake.

Kisha nikamwomba ampigie simu amwambie mtani wake Anselmi wa Tabora, yaani mimi, anaumwa, hatapona, na ana kitu chake. Zaidi akasema, "Mtani wake? Poa sana, atafurahi." Hakuunganisha mtani na yule mkaguzi. Elinipa, njiani kurudi, aliniuliza mbona nalia. Kitunguu, nikamwambia. Akasema, "Babu, kile kilikuwa chungwa."


Jumatano, 18 Juni

Elinipa amemaliza kitabu. Aligeuza daftari la tatu, akalitikisa, labda kuna ukurasa umenasa.

"Cha pili kiko wapi?"

"Hakuna cha pili."

"Aliacha? Mtu anajua hivi halafu anaacha?"

Nikamwambia nimechoka. Ni kweli nimechoka. Lakini nimekaa mchana kutwa nikihesabu. Miaka thelathini na moja. Mtu anayeandika sura kumi na nne kwenye madaftari ya shule, kwa kalamu ya wino, huku ana darasa la watoto tisini. Angeandika vingapi? Watoto wangapi wa Kisarawe wamefika darasa la saba bila kucheka na kitabu hata mara moja? Fomu ile haikuwa na sehemu ya kujaza hilo.

Ameanza tena sura ya kwanza.


Ijumaa, 20 Juni

Anakuja kesho. Zaidi kapiga simu.

Pumzi fupi. Laurensia anataka twende hospitali leo. Nimesema Jumatatu. Nimekuwa nikitunga maneno ya kumwambia Tatu. Kila nikiyasoma yanasikika kama waraka wa ofisi. "Napenda kukujulisha." Bure kabisa.


Jumamosi, 21 Juni

Saa kumi kasoro. Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Kafika saa nane mchana na Zaidi, kiroba cha mihogo begani kwa Zaidi. Ana miaka sitini na minane. Mwembamba, mtandio mweupe, viatu vina vumbi jekundu la Kibuta. Nilijiandaa kwa matusi. Niliyatamani. Nilitaka aniambie, Mnyamwezi wewe, umevimba miguu kama ulikuwa unaibeba mizigo ya msafara mpaka leo. Ningejua nimesamehewa nusu.

Akasimama mlangoni, akainama kidogo. "Shikamoo, Mkaguzi. Pole kwa ugonjwa."

Mkaguzi. Si mtani.

Laurensia akamwekea kiti, akamkaribisha chai. "Ahsante mwanangu, usijisumbue." Nikamuuliza habari za Kibuta. "Nzuri, Mungu anajalia." Mihogo? "Imekubali." Nikajaribu mwenyewe. Nikamwambia naona Wazaramo mkienda kuona mgonjwa mnabeba mihogo, mnataka afe kwa kushiba. Akatabasamu kama mtu anavyotabasamia bango la benki. "Ndiyo, Mkaguzi."

Sijawahi kupigwa kama adabu ile ilivyonipiga.

Nilikuwa nakusanya pumzi nianze. Elinipa akaingia, akaamkia, akakaa kwenye mkeka miguuni pa mgeni. Mtoto huyu hawezi kukaa kimya na mtu mpya.

"Bibi, unajua kisa cha mbuzi aliyeandikishwa shule?"

Nilitaka kumzuia. Pumzi haikufika kinywani. Tatu alimtazama tu, na Elinipa akachukulia ni ruhusa. Akasimama. Akawa mwalimu mkuu anayetetemeka. Akawa Kidole, akaja mpaka dirishani kwangu, akapitisha kidole, akamwonyesha mgeni vumbi. Zaidi aliyekuwa mlangoni akacheka kwa nguvu. Tatu alikuwa ameshika ncha ya mtandio, hauvuti wala hauachii.

"Halafu wakati anaandika ripoti, mbuzi akapita chini ya meza, akala soksi yake ya kulia —"

"Ya kushoto," akasema Tatu.

"Ya kulia, bibi."

"Ya kushoto. Ya kulia ilikuwa na tundu. Mbuzi aliidharau."

Elinipa akamkazia macho. Akatoka mbio, akarudi na daftari la kwanza, limeshafunguliwa mahali penyewe. Akasoma kwa kidole, taratibu. "Ya kushoto." Kisha, "Bibi, na wewe umeshakisoma?"

Tatu alilipokea kwa mikono miwili. Akalifunga ili aone jalada. Jina lake liko pale, na jina la shule, na mwaka. Hakunitazama.

"Lilikuwa wapi hili?"

"Kwenye sanduku la babu," akasema Elinipa. "Chini ya suti."

Hotuba yangu yote ya siku kumi, mtoto kaimaliza.

Nikasema yaliyobaki, kwa vipande. Kwamba kamati haikukiona. Kwamba barua niliitunga mimi. Kwamba nilikasirika. Zaidi akasema, "Daah. Mzee. Na chungwa langu ukalila." Tatu akamwambia nenda nje kaninunulie maji. Akaenda. Laurensia alikuwa amesimama na sinia la chai, hakuliweka chini.

 Tatu alisema polepole, kwa ile lafudhi ya Msimbu ambayo nilikuwa nimeisahau.

"Hasira ningeielewa. Mtani naye binadamu, anateleza, anakasirika. Anakuja na kuku wake wa faini, tunamla, yanaisha. Ungeniambia umekasirika ningekucheka mpaka leo. Ila kwenye barua uliandika neno. Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Uliandika mengi, mengine sawa. Hakina mafunzo — kweli, sikuweka. Mwandiko wa mkono, hakina maswali, sawa. Ila ukaandika hakichekeshi." Akalipapasa daftari. "Niliwasomea watoto wangu sura mbili kabla sijakuletea. Walicheka. Ilipokuja barua yako nikajiambia, walicheka kwa kuwa mimi mwalimu wao, na fimbo iko mezani. Mtu aliyesoma kasema hakichekeshi. Tangu hapo nikifungua mdomo msibani, neno lako linatangulia kabla ya langu. Nafunga."

Elinipa alikuwa anamtazama yeye, ananitazama mimi. Nadhani ndipo alipoelewa nani kaandika kitabu.

"Lakini mimi nilikuwa sikujui, bibi," akasema. "Na nilicheka."

Tatu akamtazama. Akamtazama sana. Mkono wake ukaenda kichwani kwa mtoto ukabaki pale.

"Haya," akasema. "Huyu kajibu lake. Wewe je? Siku ile ulipokisoma. Ulicheka au hukucheka?"

Nikakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, lakini nilikirefusha. Laurensia akaniletea maji. Tatu akangoja mpaka nikamaliza glasi nzima. Msikitini wakaadhini.

"Alasiri hiyo," akasema. "Nioneshe pa kuswalia, mwanangu. Nikirudi utaniambia. Na usinionee huruma. Ukisema hukucheka, nitakuamini, kila mtu na kicheko chake. Nitabeba madaftari yangu niende Kibuta, na sitakusema vibaya popote."

Yuko chumbani kwa Laurensia. Nasikia maji yamekwisha kumwagika, sasa kimya, anaswali. Elinipa amekaa nje ya mlango wake na daftari la pili mapajani, anamngoja.

Rahisi kabisa: sikucheka. Ni kosa la macho tu, la kazi, la enzi zile. Mzee mmoja hakuwa na kicheko, basi. Ataondoka, mimi nitakufa nikiwa mjinga, na mjinga anasamehewa. Ndivyo nilivyoandika humu tarehe kumi, kwamba kilinipita tu. Hata daftari hili, ambalo hakuna atakayelisoma, nimelidanganya. Siku mbili baadaye nikakubali hasira, nikadhani nimefika. Hasira ni nusu.

Naandika kwanza hapa, nione kama mkono utakubali, ndipo nijaribu mdomo. Mkeka unakunjwa. Anakuja.

Ilikuwa saa sita mchana, njiani kutoka Msimbu. Gari lilipata pancha. Dereva yuko chini na jeki, mimi nimekaa kwenye mlango wa dereva ulio wazi, na daftari la kwanza. Nilicheka ukurasa wa pili. Kwenye tano mara tatu nilishika usukani nisianguke. Nilijua Kidole ni nani na nikazidi kucheka, kwa sababu alikuwa amenipata, kidole, miwani, kila kitu. Dereva alitoka chini ya gari akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ni vumbi. Niliyasoma yote matatu pale pale, tairi limeshafungwa, dereva ananingoja. Sijacheka vile kabla yake wala baada yake. Kisha nikatoa fomu kwenye mkoba, nikafungua kalamu, uso bado umelowa, nikaandika hakichekeshi.